Saruji Yapitia Songea

Mei 2024, nje kidogo ya mji wa Njombe, barabara ya kwenda Makambako. Ukungu na manyunyu. LORI la saruji limeegeshwa. Dereva amekwenda kunywa chai, utingo ameweka jiwe nyuma ya tairi. Chini ya lami yupo KALAVATI. Pembeni amesimama KIBAO CHA KILOMITA.

KALAVATI: Kamwene, mgeni.

LORI: Shikamoo, mzee. Baridi hii mnaiwezaje?

KALAVATI: Marahaba. Wewe wa pwani, kutu yako ni ya chumvi. Umepotea?

LORI: Nimezungushwa. Natoka Mtwara kwenda Dar es Salaam. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilitua, barabara ya Kibiti hadi Lindi ikakatika vipande vipande: Somanga, Mikereng'ende, nisikuchoshe. Basi nimepitia Masasi, Tunduru, Songea, sasa hapa kwako, halafu Makambako, Iringa, Morogoro. Safari imekuwa zaidi ya mara mbili.

KIBAO: "Zaidi ya mara mbili" ni hesabu ya jukwaani. Taja kilomita.

LORI: Kilomita hesabu wewe. Mimi nahesabu dizeli.

KALAVATI: Na mzigo?

LORI: Saruji.

KALAVATI: (anacheka mpaka mwangwi unatokea upande wa pili) Madaraja yanasubiri saruji, saruji imekwenda kutalii Songea!

LORI: Usicheke, mzee, tumefikwa. Kule wanasema jambo hili halijapata kutokea.

KIBAO: Lindi ilipigwa na kimbunga mwaka 1952.

LORI: Wewe nawe! Hidaya alikuta ardhi imeshashiba. Mvua za El Niño zilianza mwishoni mwa 2023. Maji yakikosa pa kupenya yanapanda tuta la barabara, yanamwagika upande wa pili, yanachimba udongo kwa chini. Ukija asubuhi unaona lami nzima, nyororo, na mstari wake mweupe. Imening'inia hewani.

KALAVATI: Ndiyo maana nasema lami inafia chini, nanyi mnaipaka rangi juu. Umewahi kuona utepe ukikatwa kwenye kalavati? Daraja la Mkapa pale Rufiji, mita 970, lilizinduliwa mwaka 2003, na haki yake. Lakini yako madaraja makubwa yanayobaki yamesimama huku barabara imekatikia kwenye kijito ambacho hata kwenye ramani hakina jina.

LORI: Wewe ulijengwa lini?

KALAVATI: Miaka ya 1980, Waingereza walipotoa fedha za barabara ya Makambako hadi Songea. Mhandisi aliangalia rekodi za mvua zilizopita, akakadiria gharika, akanikatia kipenyo. Hakukosea, mvua ndiyo iliyobadilika. Hewa ikiongezeka joto nyuzi moja, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, na ikiuachia inauachia kwa mkupuo. Mimi sijaongezewa hata sentimita. Nimepunguzwa! Hebu chungulia.

LORI: Chupa za maji... shina la muwati... na hicho chenye wavu?

KALAVATI: Nusu ya lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kipimo. Viazi vimeoza humo. Ni mara ya kwanza Njombe mtu kutupa alichozidishiwa.

LORI: Sasa ukiziba wewe, sisi tutapita wapi?

KIBAO: Baharini. Aliko Hidaya.

LORI: Ila ninyi wa mlimani mna bahati, bahari iko mbali.

KALAVATI: Maji yanayonipita mimi yanaingia Ruhuji, Ruhuji inaingia Kilombero, Kilombero inaingia Rufiji. Huku tukilima viazi mpaka ukingoni mwa kijito, udongo unawafikia bila nauli. Ninyi mnatuletea saruji, sisi tunawashushia tope. Nani anasema hatufanyi biashara?

LORI: Wanasema Somanga na Mikereng'ende yatajengwa madaraja mapya.

KALAVATI: Heri. Ila ukiinua tuta bila kuongeza matundu, hujajenga barabara, umejenga bwawa lenye magari juu. Na uwaulize nani atazibua. Mimi nahitaji mtu mmoja, koleo na toroli, kabla ya mvua kuanza.

KIBAO: Hoja hiyo haitapita. Koleo halina posho ya safari.

LORI: Kwani wakija wataalamu si watakuona?

KALAVATI: Walikuja. Walisimama juu yangu, wakapiga picha bonde.

(Dereva anarudi. Utingo anachomoa jiwe chini ya tairi, analisukuma kwa mguu. Linadondoka kwenye mdomo wa Kalavati.)

LORI: Samahani sana, mzee wangu! Huyu kijana...

KALAVATI: Mwache. Likifika la kumi waziri atakuja kupiga kambi hapa, na mimi nitoke kwenye taarifa ya habari.

KIBAO: Utatoka kwa jina la "miundombinu".