Nilikwenda Lushoto Kujitafuta

Mama alikuwa anapepeta mchele nilipomwambia kwamba Ijumaa nakwenda Lushoto kwa siku tatu, kujitafuta. Ungo ukasimama hewani.

"Kwani ulipotea lini?"

Nikamweleza vizuri. Ni kambi ya mapumziko: asubuhi mnafanya yoga, mchana mnaendesha baiskeli za milimani, usiku mnakaa kimya mnajitafakari. Wakatoliki wana mafungo yao yanayofanana na hayo, ila kule padri hakuvalishi helmeti. Aliyelipia ni mdogo wangu wa kike, baada ya kunikuta Tabata naitukana mashine ya kutolea pesa pamoja na ukoo wake.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. "Marehemu baba yako aliuza Phoenix yake ulipochaguliwa kidato cha kwanza," alisema. "Aliuza baiskeli ili wewe usije ukaendesha baiskeli. Leo unalipa hela ili uiendeshe." Akaendelea kupepeta.

Safari ya basi nairuka. Habari inaanzia Mombo, pale mnapoiacha barabara ya Arusha na kuanza kupanda kilomita 33 za kona, ukuta wa mlima upande huu, korongo upande ule, na maporomoko ya Soni njiani. Nilipofika Lushoto, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, masikio yalikuwa yameziba na jasho la Dar limegeuka barafu mgongoni. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal na waliupenda kwa sababu ya baridi hiyohiyo. Kila mtu na ladha yake.

Kupanda Usambara na shida zako mkononi si jambo geni. Katika Habari za Wakilindi, Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy anamsimulia Mbega, mwindaji kutoka Nguu aliyekimbia kwao kwa kuwa alikuwa kigego: meno yake ya juu yalitangulia kuota. Mbega akaja na mikuki na mbwa wake, akawaua nguruwe waliokuwa wakila mazao, akagawa nyama, na mwisho Wasambaa wakamfanya mtawala wao. Mimi nilipanda na taulo, sabuni na mkeka. Yaliyonipata ni tofauti kidogo.

Jioni ile kapu lilipitishwa, kila mtu atumbukize simu. Nikatumbukiza simu yangu kubwa kwa heshima zote. Kitochi kikabaki kwenye soksi. Mtu mwenye mama wa miaka sabini na tano hazimi simu zote.

Tukapelekwa Irente, kwenye jabali ambapo ardhi inakatika ghafla, na tambarare ya Mazinde inaonekana chini huko kama kilomita moja. Tuliambiwa tutazame kwa nusu saa huku kila mmoja akijiuliza, mimi ni nani? Nilijiuliza kwa dakika mbili hivi. Zilizobaki nilihesabu malori kwenye barabara kuu, na nikapata 31.

Tangazo lilikuwa limesema kila mshiriki aje na mkeka, nami nilikwenda na mkeka. Wa ukindu, rangi tatu, ule tunaoutandika wageni wakija msibani. Asubuhi ya Jumamosi ndipo nilipogundua kwamba wenzangu wamekuja na vipande vya mpira vinavyokunjwa kama chapati. Hakuna aliyecheka. Watu wa yoga hawacheki, wanapumua. Tukaanza na mkao wa mtoto, ambapo unapiga magoti na kulaza paji la uso chini, na mwalimu akatuacha humo mpaka nikaanza kumkumbuka mwalimu wangu wa darasa la nne na adhabu zake. Nilipoinua uso, ukindu ulikuwa umejichapa kipaji kizima. Mama mmoja wa Moshi, muuguzi mstaafu aliyekuwa jirani yangu, alinitazama akasema, "Baba, unafanana na tenga."

Kisha tukawa mbwa aliyeinama. Kisha nyoka. Mti nilishindwa: mti gani unasimama kwa mguu mmoja?

Mwisho mwalimu akatangaza shavasana. Kwa sauti yake laini nilidhani ni mambo ya mashavu, pengine tutayasugua. Kumbe shava ni Kisanskriti na maana yake ni maiti. Tulazwe chali, miguu imeachana, viganja juu, tusitikisike. Mama wa Moshi akabaki amekaa.

"Mwalimu, mimi maiti nimewalaza miaka thelathini. Silali kama wao kwa hiari yangu."

Akaruhusiwa kulala ubavu. Sisi wengine tukafa. Na lazima nikiri, ilikuwa nzuri. Nilisikia ndege, nikasikia moyo wangu mwenyewe, mabega yakashuka, kitu fulani kikaanza kulegea kifuani, na hapohapo soksi yangu ikaita.

Wanaokijua kitochi wanajua kwamba spika yake ilitengenezwa kwa ajili ya mashambani. Katika kuhangaika kukizima nikabonyeza cha kupokea.

"Haloo! Haloo! Umeshajipata?"

"Bado, mama," nilinong'ona.

"Basi ukijipata uje na peasi! Na viazi, huko bei nzuri!"

Nilisema watu wa yoga hawacheki. Naifuta kauli hiyo. Maiti kumi na moja zilifufuka kwa mkupuo.

Baiskeli tulikodi kwa kijana mmoja mjini, amana shilingi laki moja, risiti ya kuandikwa kwa mkono ukiitaka. Niliitaka. Baiskeli yenyewe ilikuwa na shokapu mbele, gia nyingi kuliko lori, na haina keria. Tukaelekea Magamba, ambako kuna msitu wenye mbega, wale kima weusi wenye mabega meupe. Sikumwona hata mmoja kwa sababu njia nzima nilikuwa natazama gurudumu. Mwongozaji wetu alinifundisha kwamba mlimani unatumia gia nyepesi. Hakuniambia kwamba gia nyepesi maana yake miguu inazunguka kama mashine ya kusaga na baiskeli inajivuta kama foleni ya Ubungo. Nikiwa katika hali hiyo nilipitwa na kijana aliyekuwa anasukuma Phoenix yenye mfuko wa mbolea wa kilo 50. Alikuwa anatembea kwa miguu. Alinisalimia vizuri, akanitazama kwa muda, akauliza, "Mzee, nikusukume?"

Kushuka sikuwa mzee tena. Upepo usoni, helmeti inalia, nikajisikia Mbega kabisa. Halafu ikaja kona, na kwenye kona mbuzi. Mwongozaji alikuwa ameeleza, na sasa naweza kuthibitisha: mteremkoni uzito wako wote unahamia mbele, kwa hiyo ukifunga breki ya mbele peke yake kwa nguvu, gurudumu linasimama na wewe unaendelea na safari. Niliendelea. Nilipita juu ya usukani, nikavuka mfereji, nikatua kwenye turubai ambapo bibi mmoja na mjukuu wake walikuwa wamemwaga karoti walizokwisha kuziosha.

Pale chali, viganja juu, miguu imeachana, nikatambua kwamba huu mkao naujua.

Bibi akaja akaniinamia. Malezi ni malezi, nikasema nikiwa humohumo karotini, "Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Pole. Umevunjika?"

"Hapana."

Hapo ndipo alipoanza kuhesabu zilizovunjika. Baadaye akaizunguka baiskeli yangu, akapapasa pale ambapo keria ingekuwa. "Ulikuwa unapeleka nini?"

"Sipeleki kitu bibi. Nafanya mazoezi."

"Na unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Nakwenda na kurudi."

Akamtazama mjukuu, mjukuu akamtazama. "Baiskeli nzima," alisema taratibu, kama mtu anayekariri habari ya msiba ili aizoee, "na haibebi kitu." Nikamwahidi kulipa hasara, nikaondoka nikiisukuma, kwa sababu rimu ya mbele ilikuwa imekuwa yai.

Usiku tuliwasha moto. Kila mtu achukue karatasi, aandike mizigo anayoibeba, asimwonyeshe mwenzake, kisha aitupe motoni. Sikuwa na karatasi. Nikajipapasa mfukoni nikapata moja ndogo, nikageuza upande mweupe, nikaandika kwa ukweli wote: hasira, wasiwasi, madeni. Nikaitupa. Mama wa Moshi naye akatupa yake na kuninong'oneza kwamba ameandika jina la mtu, nisimuulize. Sikuuliza. Lilikuwa jina refu, maana liliwaka muda.

Nililala mwepesi kama pamba mpaka saa nane za usiku, nilipokaa kitandani ghafla. Ile haikuwa karatasi. Ilikuwa risiti ya laki moja yangu. Katika madeni yote niliyoyataja nikiomba yateketee, lililoteketea ni lile moja ninalodai mimi.

Jumapili asubuhi niliirudisha baiskeli, mkono mmoja umeshika usukani, mwingine umeshika heshima iliyobaki.

"Risiti, mzee?"

"Nimeichoma."

"Umeichoma?"

"Ilikuwa zoezi. La kutua mizigo."

Kijana akafikiri. Akaitazama rimu, akanitazama mimi, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyekutana na mwanamuziki barabarani. "Aaa! Kumbe ni wewe wa karoti!" Akaita wenzake wawili waje waone. Kisha akafungua daftari, na kweli, kando ya jina langu mtu alikuwa amekwisha kuandika kwa kalamu nyekundu: KAROTI. Risiti haikuhitajika. Akakata elfu kumi na tano ya rimu, akakata elfu kumi ya bibi, ambaye mjukuu wake alishapita tangu saa moja, akanihesabia sabini na tano. Halafu akaingia ndani na kutoka na kiroba kilichojaa mpaka mdomoni.

"Bibi kasema umezilipia, ni zako."

Nilimwambia sizihitaji. Akasema bibi kasema ni zako. Nilipojaribu kumwachia yeye, alikataa kama mtu anayekataa rushwa mbele ya kamera. Hivyo nikashuka stendi na begi mgongoni, mkeka kwapani, mfuko wa peasi mkono mmoja na kiroba cha karoti zilizovunjika begani. Viazi nilimwachia Mungu. Konda alikipiga kiroba teke la kukipima uzito, akapaza sauti basi zima lisikie:

"Mzigo wa nani huu?"

"Wangu," nikasema, nikatoa elfu tatu.