Namna ya Kushindwa Kumpata Mchawi

Binti wa ukoo ana lupasi: kinga ya mwili wake imegeuka, inashambulia figo na viungo vyake mwenyewe. Ndugu wameitana Kibamba kumtafuta aliyeleta ugonjwa. Kazi yako, rafiki, ni kuhakikisha hawampati. Fanya hivi.

1. Kaa karibu na shangazi mkubwa. Kila ukoo huamini damu yake ni safi, taabu imeletwa na wakwe. Usibishe. Waambie tu kwamba nusu ya vinasaba vya binti vimetoka kwa baba, nusu kwa mama. Sauti zitashuka pande zote.

2. Wakidai jeni moja yenye hatia, wakumbushe michango ya harusi. Katika lupasi, sehemu zaidi ya 100 za vinasaba huchangia. Nyingi hutoa buku; eneo la jeni za HLA, kwenye kromosomu ya 6, ndilo mjomba wa laki. Hakuna anayelipia ukumbi peke yake. Na wapo waliorithi michango mingi, sherehe isifanyike kamwe.

3. Wakisema yote yamo kwenye damu, taja mapacha wa kufanana. Vinasaba ni vilevile, lakini mmoja akiugua lupasi, mara nyingi mwenzake hubaki mzima. Jua kali, maambukizi na homoni navyo vina mkono. Tena karibu wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake.

4. Bado wanataka kumlaumu bibi yake binti? Toa kete kubwa. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba badiliko moja kwenye jeni ya FCGR2B huongeza hatari ya lupasi, ilhali watoto wa Kenya waliolirithi kwa baba na mama walikingika zaidi na malaria kali. Mbu wa Kibamba mnawajua. Huenda mnachomshtakia bibi ndicho kilichomvusha utotoni, nanyi mkazaliwa.

5. Funga kikao kabla hajatajwa mganga. Pitisha bakuli: nauli ya hospitali ya Mloganzila, dawa, mtu wa kumsindikiza kliniki. Binti asiache dawa yake ya haidroksiklorokwini kwa sababu tu leo anajisikia nafuu. Ndugu mwenye viungo vinavyovimba au vipele vya usoni baada ya jua naye aende akapimwe. Na hela ya bakuli mkabidhi binti mwenyewe, hapohapo, kabla ndugu hawajapanda daladala.