Damu Sebuleni, Wakwe Njiani

Wakwe walikuwa waje Jumamosi. Alhamisi asubuhi shangazi akakuta matone ya damu kwenye mkeka mpya.

Hapa kwetu Kiyeyi damu isiyo na mwenyewe haifutwi hivi hivi. Shangazi alitukusanya uani, akakagua nyayo za watoto, akauliza ni nani kachinja kuku kwa siri, kisha akashusha sauti na kumtaja jirani tunayegombana naye mpaka wa shamba. Chungu cha pombe ya malwa kilichokuwa kinaumuka kikahamishiwa chumbani kwake, kisije kikatiwa kitu. Kesi ilimalizwa na kitinda mimba: "Si ni Malkia?" Malkia, mbwa wetu, alikuwa chini ya meza, anajilamba.

"Yuko kwenye joto," kaka akasema. Shangazi akaamuru avishwe kaptula ya mtoto mpaka wageni waondoke. Kaptula tuliikuta kwenye migomba, haifai hata kuwa kitambaa cha kudekia.

Mama ndiye aliyepiga hesabu. Mbwa jike hupata joto kama mara mbili kwa mwaka. Damu hutoka siku saba hadi kumi hivi, halafu hupauka ikawa majimaji ya rangi ya majani makavu, na kwa kawaida wiki ya tatu mambo yamekwisha. Joto la Malkia lilipita wakati tunapanda mahindi. Sasa tulikuwa tunayavuna. Tena damu hii ilikuja na kukatika, na ilinuka.

Daktari wa mifugo alifika kwa bodaboda kutoka Tororo, akaanza na maswali. Anakunywa maji kupita kiasi? Amekataa chakula? Alitaka kujua kama kizazi kimejaa usaha, ugonjwa unaowapata zaidi majike wakubwa wasiofungwa uzazi, mara nyingi mwezi mmoja au miwili baada ya joto. Huo unaua, na usaha usipopata njia ya kutoka ndiyo hatari zaidi. Dawa yake hasa ni upasuaji. Amezaa karibuni? Maana ute wa kijani iliyoiva ni wa kondo la nyuma, ila ukitangulia na mtoto asifuate, usisubiri kesho.

Yote hapana. Akavaa glavu, akapanua taratibu. Ndani palikuwa na kinyama chekundu chenye vichwa vichwa kama koliflawa, ukikigusa kinavuja damu.

Ni saratani ya zinaa ya mbwa. Seli zenyewe za uvimbe ndizo zinazohama, kutoka mbwa hadi mbwa, wakipandana au wakilambana. Waliosoma vinasaba vyake wanakadiria ilianza kwa mbwa mmoja huko Asia, kati ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita.

"Yaani huyo marehemu bado anazurura huku kwetu?" shangazi akauliza.

"Anazurura, mama. Na hapo mpakani Busia na Malaba havuki kwa pasi."

Habari njema ni kwamba inatibika. Sindano ya vinkristini mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki tatu hadi sita. Iingie mshipani barabara, kwa sababu ikivuja nje huozesha nyama. Nasema hivi nikiwafahamu wanaume wa kijiji hiki wanaojichomea ng'ombe wao kila kinachouzwa kwenye chupa. Siku chache baada ya sindano, mkojo na kinyesi huondolewa kwa glavu.

Wakwe walikuja, wakanywa malwa, wakaridhika. Malkia alishinda amefungwa nyuma ya jiko.

Likabaki suala la dume. Daktari alisema asipotibiwa naye, kazi ni bure, na dume lenyewe ni la jirani yule yule wa mpaka. Mama alitumwa na maneno laini. Jirani akawaka: mbwa wake ana adabu, halali nje, familia yetu imezoea kusingizia watu.

Wiki iliyofuata, daktari akiwa anavuta dawa kwenye bomba, jirani akatokea kwenye ua na mbwa wake kwenye kamba. Hakusalimia. Aliuliza tu foleni inaanzia wapi.