Shangazi Anajibu: Nuksi, Radi na Jicho la Jirani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mvuvi hapa Kasanga. Jumatatu wavu wangu ulinasa mwambani ukachanika. Papo hapo simu ikanitoka mfukoni ikaenda kuwasalimia migebuka. Jumatano nikakodi bodaboda kwenda Matai kununua nyuzi, tairi likapasuka njiani, na nilipofika duka limefungwa, mwenyewe kafiwa. Alhamisi usiku bundi kalia juu ya bati. Ijumaa mama mkwe kaingia bila taarifa. Sasa nakumbuka kuwa Jumapili ya kabla ya hayo yote jirani yangu alinitazama kwa jicho lisilo la kawaida. Je, hii ni nuksi au mambo yamegongana tu?

– Nimechoka, Kasanga

Marahaba mwanangu. Kwanza mtoe mama mkwe kwenye orodha. Mgeni haingii kwenye hesabu ya ajali, hata kama ugali haukutosha.

Barua yako ina tarehe ya mwisho wa Agosti, nami nashukuru. Ungeniandikia Juni ya 2024, ziwa likiwa limefungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, ningekuelekeza kwa afisa uvuvi, si kwenye safu hii. Lakini Agosti ina yake. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini hulipiga Ziwa Tanganyika kwa urefu wake wote, na sisi wa Kasanga tuko kwenye ncha ambako unaingilia. Maji ya juu yanasukumwa kaskazini, ya chini yaliyo baridi yanapanda, mawimbi hayana adabu. Wavu unabebwa hadi kwenye miamba, na simu ya mtu aliyesimama kwenye mtumbwi unaoyumba huku akivuta wavu ulionasa ina haki ya kuanguka. Wavu na simu ni ndugu wa baba mmoja. Usingechanika wavu, usingekwenda Matai. Usingekwenda Matai, tairi lingempasukia mwingine. Wewe umehesabu mikosi minne, mimi naona mmoja uliotembea siku tatu.

Wahenga wamesema siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Watu huirudia methali hiyo wakitikisa kichwa, wala simsikii anayeuliza kama usiku ule mvua ilinyesha. Miti yote kuteleza kwa pamoja si ajabu hata kidogo ikiwa imelowa kwa pamoja.

Bundi naye hakukufuata wewe. Bundi anafuata panya, na panya wanafuata dagaa ulioanika uani na kuhifadhi kwenye gunia lisilofungwa. Funga gunia, mwezi ujao atalia kwa mwenzako.

Linabaki duka kufungwa siku uliyofika. Hapo ndipo ninapokupa bahati mbaya halisi, ya bure, isiyo na mwenyewe. Chukua sarafu ya shilingi mia mbili, irushe mara 100, uandike kila upande unaotokea. Karibu kila utakapofanya hivyo utakuta mahali ambapo upande uleule umetokea mara tano mfululizo au zaidi. Sarafu haina jirani. Mambo ya kubahatisha hayajipangi kwa zamu kama watoto wa shule; hurundikana, kisha yakatulia, na sisi huamka wakati wa rundo tu. Wiki uliyovua vizuri, simu ikakaa mfukoni na maduka yote yakawa wazi hukuniandikia.

Na lile jicho. Umelikumbuka Ijumaa, baada ya kila kitu kuharibika. Jumapili yenyewe lilikuwa jicho tu.

*

Shangazi shikamoo,

Nakaa nje kidogo ya Sumbawanga. Ndugu mmoja aliniomba mkopo nikamnyima. Siku ya pili radi ilipiga mkaratusi ulio karibu na nyumba yangu, ikaua mbuzi wawili waliokuwa wamejikinga chini yake. Mwaka juzi ilipiga mti uleule. Watu wa Dar es Salaam wakinisikia nikitaja kwetu wananitania kuhusu radi za kutumwa. Nicheke au niogope?

– Mama wa Mikaratusi

Marahaba mwanangu, na pole kwa mbuzi. Hao wa Dar waache wacheke. Utani wa radi za Sumbawanga umeshazunguka nchi nzima na hatutaufuta leo.

Ufipa ni uwanda wa juu, mwingi wa nyasi na mchache wa miti mirefu, na kuanzia Novemba hadi Aprili ngurumo ni jambo la kila siku. Wewe ukapanda mkaratusi, mti unaopita kila kitu kwa urefu, tena mlangoni. Radi inapendelea kilicho juu. Na ile imani kwamba haipigi mahali pamoja mara mbili ni uongo mtupu. Itaurudia mti huo kadiri utakavyousimamisha.

Marekani alikuwepo mtu aitwaye Roy Sullivan, mlinzi wa Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah katika jimbo la Virginia. Kati ya 1942 na 1977 alipigwa na radi mara 7 na mara zote akapona. Angekuwa mzaliwa wa Laela au Mpui tungeshamtafutia mtumaji, na kikao cha ukoo kingekuwa kinaendelea hadi leo. Lakini huyu alikuwa mtu wa kushinda nje, milimani, miongo kadhaa, katika eneo la dhoruba nyingi. Hata hivyo mara saba ni nyingi mno, sikatai, na watu wa kwao walifika mahali pa kukwepa kutembea naye mawingu yakikusanyika. Huo woga nauelewa. Ila hawakumchomea nyumba mtu.

Fanya hivi: mbuzi wasifungwe chini ya mti wakati wa mvua, watoto vilevile, na mkaratusi uukate ukiwa na nafasi. Suala la mkopo ni lako na ndugu yako.

*

Shangazi, ni kweli MV Liemba ina mkosi? Babu alikataa kuipanda hadi anakufa.

– Msafiri

Mjukuu, ilitegemea babu ameanza kusoma kitabu ukurasa gani. Meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye masanduku na kuja kuunganishwa Kigoma, ikashushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, baada ya mafundi kupaka mitambo grisi. Wabelgiji wakaiopoa, ikazama tena. Hadi hapo, mkosi. Kisha Waingereza wakaiinua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba, ikabeba watu, mahindi na dagaa kwa miongo mingi, ikitia nanga hapa hapa Kasanga. Meli nyingi za rika lake zimeshageuzwa masufuria. Ile grisi ndiyo iliyosaidia, na grisi si hirizi.

*

Shangazi shikamoo. Niko Kasanga. Tangu jirani yangu mvuvi apate matatizo yake ananikodolea macho asubuhi na jioni. Sasa kuku wangu wanataga nje, mtoto kafeli, na jino linauma. Kuna mtaalamu anataka laki tatu na jogoo mweusi aje kusafisha mtaa mzima. Nimchangie?

– Nakodolewa

Marahaba. Nadhani ninyi wawili mngeokoa stempu mkiongea kwenye ua.

Laki tatu usitoe. Usafishaji huo Ufipa inaujua vizuri. Mwaka 1963 na 1964 watu wa Kamcape walipita vijijini wakitoa dawa ya kuwamaliza wachawi. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyekuwa akiishi na kufanya utafiti Ufipa miaka hiyo, aliandika habari zao mwaka 1968. Hawakuwa wa kwanza, kwani miaka ya 1930 dawa ya mchape ilishaenea kutoka Nyasaland hadi nchi za jirani. Wala hawakuwa wa mwisho: kamchape na lambalamba bado tunawasikia, na wanapopita huacha nyumba zimechomwa, na wazee, hasa vikongwe, wakikimbia vijiji vyao. Dawa ya kumaliza wachawi ambayo inabidi kurudiwa kila kizazi, tena kwa malipo, mimi ningeomba risiti.

Jino nenda kituo cha afya. Kuku watengenezee kiota. Mtoto muulize simu anaiweka wapi usiku.

Na mjue wote wawili: Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 bado ipo kwenye vitabu, na kumtuhumu mtu kwamba ni mchawi ni kosa unaloweza kushtakiwa. Majina mliyotajana nimeyafuta kabla ya kupeleka safu kwa mhariri.