Mshika Tochi

Baba haamini kwamba gari hufa. Ile Peugeot 504 yake imekaa chini ya mwembe nyumbani kwetu Bamburi miaka nenda miaka rudi, tairi zimeishiwa pumzi, maembe yakiiva yanaidondokea, naye husema imelala tu. "Haina ubovu hiyo. Betri." Alipostaafu akanipigia simu: Jumamosi nije, na nguo za kazi.

Huku pwani chuma hakina umri mrefu. Upepo wa chumvi hauna likizo. Nilianza kupiga msasa mlango wa dereva. Rangi ikatoka, kutu ikatoka, kisha vidole vyangu vikatokea upande wa pili. Baba akachungulia kwenye tundu. "Taratibu! Kutu nyingine ndiyo iliyoshikilia gari."

Nina mke na watoto wawili, na kazini wapo wanaoniita bosi. Mbele ya boneti ya Baba cheo changu ni kimoja: mshika tochi. Na tochi yangu haijapata kumulika panapotakiwa. "Hapa. Hapa! Sasa wanimulika usoni, uso wangu una plagi?" Nikisogea kulia, anataka kushoto. Nikituliza mkono, kichwa chake mwenyewe kinaangusha kivuli juu ya nati, na lawama ni zangu.

Tulipofungua mlango wa nyuma tukamkuta kuku wa Mama ameatamia kwenye kiti, akitutazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji anayedaiwa kodi. Baba akataka kumhamisha. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Huyo hasogezwi mpaka atotoe." Siku 21, basi. Nyundo ikapigwa marufuku mayai yasije yakaharibika, na Jumamosi zile tukawa tunafungua nati kwa kunong'ona, wanaume wawili wazima.

Kunong'ona huko ndiko kulikotuponza. Kijana wa vyuma vikuukuu alipita na mkokoteni, Mama akaliona bomba la ekzosi limelala kwenye majani, akauliza lina mwenyewe. Hakusikia jibu. Likaenda kwa kilo.

Fenda ya kushoto ilikuwa fahari yetu: imenyooshwa, imepigwa puti, imepakwa rangi nyeupe mpaka unajiona. Baba akaweka juu yake chupa ya mafuta ya breki, kifuniko hakikukazwa. Mafuta ya breki hula rangi. Asubuhi tukakuta fenda imebabuka tangu juu hadi chini, bati wazi. Baba akaikagua kimya, akasonya, akauliza: "Nani alikuwa ameshika tochi?"

Injini nayo, baada ya kabureta kuagizwa Nairobi na vifaranga kuhamia kwao, ikakubali kuwaka. Bila ekzosi, Bamburi nzima ilipata habari. Watoto wakatoka mbio, mzee mmoja akaziba masikio, na Mama akajifanya haelewi kelele hizo zatoka wapi. Tukashika njia ya Mtwapa, Baba kwenye usukani, mimi miguu juu, maana sakafu upande wangu ilikuwa zulia tu na chini ya zulia lami inapita.

Hatukufika mbali. Askari wa trafiki akatusimamisha, akachukua leseni ya Baba, akalizunguka gari mara moja, akainama dirishani. "Mzee wangu, hii ni nini?"

Ilikuwa shutuma, lakini Baba aliipokea kama swali. Akazima injini. Akaanza na Safari Rally ya 1963, matope yalivyowashinda wote yakabaki magari saba, na mbele yao Peugeot 404. Akapita 1966, 1967 na 1968, 404 tena, na huo wa 1968 nao saba tu. Alipofika 1975, Ove Andersson ndani ya 504, "hii hii, afande, mama mmoja baba mmoja," leseni ilikuwa imekwisha rudishwa na afande yuko nyuma yetu anasimamisha lori lisilo na kosa lolote.

Baba alinuna mpaka Mtwapa. Alikuwa bado na 1978.