Mtakatifu Kabanwa Pembeni

Siku hizi ukienda kumnunulia mtoto wako wa ubatizo medali ya mtakatifu, jiandae kuhojiwa kama unaomba pasi ya kusafiria. Majina kamili? Tarehe ya kuzaliwa? Ya Kipaimara tuiweke pia? Mwandiko wa kulala au wa kusimama? Jiwe la mwezi aliozaliwa? Mtakatifu huulizwa mwisho kabisa, sonara keshashika kikokotoo: “Na picha iwe ya nani, mzee?”

Sisi tulivaa zile za aluminiamu za mlangoni mwa kanisa, zimetungwa kwenye uzi, ukiilalia inapinda. Binti yangu wa ubatizo anataka ya dhahabu. Sawa, msimamizi ni mimi, nitajikamua. Lakini mama yake, ambaye simu zake sasa naziogopa, anataka majina matatu mgongoni, na kila herufi ina bei yake. Ukoo wenyewe ni wa wale ambao karani huomba urudie taratibu.

Nikapendekeza Medali ya Mwujiza. Sonara akaigeuza: herufi M, msalaba, mioyo miwili, nyota 12 kuzunguka. Hakuna pa kuweka hata “Mimi”. Basi ya Mtakatifu Benedikto? Hiyo ndiyo kabisa, imejaa herufi mpaka ukingoni. “Hizi tukizisugua,” akasema, “jina litakaa vizuri.” Azisugue! Zile herufi ni vifupisho vya maneno ya Kilatini ya kumfukuza shetani. Yaani tumwondolee shetani karipio ili ukoo wa watu upate nafasi.

Na huyo Mtakatifu Catherine Labouré, mtawa wa Paris aliyetokewa na Bikira Maria mwaka 1830 akaagizwa Medali ya Mwujiza itengenezwe, jina lake halimo kwenye medali hiyo. Medali zikaenea kwa mamilioni, yeye akiwahudumia wazee, na watawa wenzake hawakujua kuwa aliyetokewa ndiye huyo anayepita na masufuria. Alikaa kimya miaka 46, mpaka mwaka aliofariki, 1876. Sisi tunachonga hadi tarehe ya sherehe.

Tukaishia kwa Mtakatifu Yosefu, somo wa marehemu babu wa mtoto. Ili majina yaenee, mzee wa watu akabanwa pembeni, kimo cha punje ya mchele. Hapo ndipo balaa lilipo. Yosefu huchorwa amembeba Mtoto Yesu na ua la yungiyungi. Antoni wa Padua naye vilevile, Mtoto na yungiyungi. Kinachowatofautisha usoni ni ndevu, Yosefu anazo na Antoni hana, na ndevu kwenye punje ya mchele hazichongeki. Baba paroko aliyeombwa kuibariki alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena, kisha akauliza kwa upole tunamkusudia nani. Jina la mtoto alikuwa ameshalisoma akiwa mlangoni.

Mama mtu haoni tatizo. “Akiwa Antoni si ndiyo vizuri zaidi, baba? Huyu mtoto anapoteza vitu sana.”

Nilirudi kwa sonara kuulizia ya kwangu, ndogo, ya fedha, isiyo na jina la mtu.

“Tupu hatuweki, mzee,” akanijibu. “Mpaka tukuagizie. Na itakuwa ghali kidogo.”