Sentimita Nne za Ukutani

Jumatatu

Zahanati ya mtaani kwetu imepima wakazi bure leo: presha, uzito na urefu. Nimefika saa mbili asubuhi, nikavua viatu na kusimama penye namba zilizochorwa ukutani kwa rangi nyeusi. Nesi akanilazia rula kichwani: sentimita 167. Mizani ikasoma kilo 69. Akabonyeza kikokotoo, akaandika 24.7 kwenye kadi, akasema, "Uko vizuri, mama, haujafika 25." Akaita mwingine.

Jioni nimemwonyesha mume wangu kadi. Yeye ana sentimita 168, na mimi namfikia kwenye paji la uso. Ameisoma, akasimama kando yangu mbele ya kioo, akairudisha bila kusema neno.

Jumanne

Mwanetu amenipima kwa futi ya chuma ya baba yake, ambaye ni seremala. Nimefumua nywele, maana zilikuwa zimefungwa juu. Visigino ukutani, mgongo ukutani, macho mbele. Ameweka kitabu kigumu kichwani, akachora mstari kwa penseli. Sentimita 163. Akarudia, ikatoka ileile.

Nafundisha hesabu, kwa hiyo sikuhitaji kikokotoo cha mtu. Unachukua kilo, unagawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. 1.63 mara 1.63 ni 2.6569. Kilo 69 gawanya kwa hiyo, unapata 26.0. Shirika la Afya Duniani linahesabu 18.5 hadi chini ya 25 kuwa uzito unaofaa kwa mtu mzima, 25 kwenda juu umezidi, 30 kwenda juu ni unene wa kupindukia. Jana nilikuwa upande mmoja wa mstari, leo niko upande wa pili, na mwili ni uleule.

Kwa kuwa urefu unajizidisha wenyewe, kosa dogo la urefu halibaki dogo. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanalijua hili. Kwa urefu wangu wa kweli, uzito unaofaa unaanza kilo 49 na kuishia 66 hivi. Nimeyaandika yote mawili, kwa sababu watu huuliza "kilo ngapi ndiyo sawa" kana kwamba kila mtu ana kilo yake moja aliyoandikiwa. Hapo katikati kuna nafasi ya kilo 17.

Jumatano

Mizani ya nyumbani iko sebuleni juu ya zulia. Imesoma 65. Nimeihamishia kwenye sakafu ya saruji, ikasoma 69. Hapo ikabidi niende kuhakikisha kwa mdogo wangu, anayepakua magunia kwenye duka la nafaka. Mizani yao ni ile ya kupandia, ina stika ya mwaka huu ya Wakala wa Vipimo. Karani amenipima kabla sijanywa chai, akatangaza "sitini na tisa," akaniandika kwenye daftari la maharage. Amekata mstari nilipomwomba, lakini mteja aliyekuwa nyuma yangu aliendelea kuuliza yale ya kilo 69 yanauzwaje.

Mdogo wangu naye amepanda. Kilo 84, na urefu wake ni 172. Hiyo ni 28.4, amenizidi mbali. Ana mabega ya mtu anayebeba gunia tangu akiwa na miaka 17, na mkanda wake unabanwa hadi tundu la mwisho.

Usiku umeme umekatika nikiwa nasoma kwenye simu. Kanuni hii ya kilo na urefu msingi wake ni Adolphe Quetelet, mtaalamu wa hesabu na nyota wa Ubelgiji, miaka ya 1830. Hakuwa daktari na hakuwa anatafuta mgonjwa. Alikuwa anatafuta mtu wa wastani katika kundi la watu. Mwaka 1972 Ancel Keys wa Marekani na wenzake waliichambua upya wakaipa jina la BMI, na waliopimwa katika utafiti wao walikuwa wanaume. Simu imezima hapo.

Nimekaa gizani nikiifikiria. Kipimo hiki kinajumlisha nyama, mfupa, maji na mafuta, kisha kinatoa namba moja. Kwa kuangalia mji mzima kinafaa sana. Kwa mtu mmoja ni swali la kwanza, na pale zahanati tulikifanya kuwa jibu.

Alhamisi

Swali la pili ni kiuno. Kiuno kisifike nusu ya urefu. Mafuta yaliyojaa tumboni kuzunguka ini na utumbo ndiyo yanayoleta sukari na presha, kuliko yale ya mapajani na makalioni. Nusu ya 163 ni 81.5.

Fundi cherehani alikuwa bado hajakata sare yangu ya harusi ya Jumamosi, nikaona nimalize mambo mawili kwa safari moja. Amepitisha futi kamba pale gauni linapobana, akasema 78. Nikamweleza kwamba hospitalini kiuno si pale. Unatafuta ubavu wa mwisho, unatafuta ncha ya juu ya nyonga, unapima katikati yake, juu ya ngozi au nguo nyepesi, baada ya kutoa pumzi na bila kuvuta tumbo. Binti yake amenipima hivyo nyuma ya pazia. 84.

Kwa hiyo nimezidi sentimita mbili na nusu, na kwa mwanamke hatari inahesabiwa kuanza kupanda juu ya 80. Nimeshukuru kujua. Nimemwachia fundi pesa ya kutanguliza na kuondoka. Yeye alikuwa ameandika 84 kwenye daftari lake.

Ijumaa

Gauni halijaisha.

Jumamosi

Gauni limekatwa kwa kiuno cha 84 mahali pa 78. Muda wa kulibana haukuwepo. Nimelivaa.

Ukumbini mama wawili wameniuliza kama naumwa. Wa tatu amenishika mkono, akasema, "Mbona umekonda hivi, mwanangu? Umepima?" Nikamjibu nimepima, nina 26. Akanipa pole. Jirani yetu amemwita mume wangu pembeni na kumwambia asinifiche, kama kuna tatizo tuchangiane.

Sikukasirika. Kwetu mtu akipungua, watu wanahesabu misiba waliyoiona. Akinenepa wanasema amenawiri, maisha yamemkubali. Lakini mama mkubwa alikuwa amekaa meza hiyohiyo, na hakuna aliyempa pole. Ana kilo 58 na urefu wa 158, hiyo ni 23.2, ndani kabisa ya uzito unaofaa. Mikono na miguu yake ni myembamba. Futi kamba ilikuwa mkobani, nikamwomba ruhusa tukaenda chumba cha bibi harusi. Kiuno chake ni 89, wakati nusu ya urefu wake ni 79. Miaka mitatu sasa anameza dawa za sukari. Wageni wote wanamsifia jinsi alivyojitunza.

Mdogo wangu, aliyekuwa akishusha sufuria za pilau, kiuno chake ni 82. Nusu ya urefu wake ni 86. Namba ya BMI ingemtuma huyu kwa daktari na kumwacha yule aende zake.

Jumapili

Shangazi amepiga simu kusema nisihangaike, ukoo wetu una mifupa mizito. Hoja hii ina historia. Kampuni ya bima ya maisha ya Metropolitan Life ya Marekani ilitoa majedwali mwaka 1959 yaliyogawa watu kwa umbo dogo, la kati na kubwa bila kueleza umbo linajulikanaje; ya mwaka 1983 yakaongeza upana wa kiwiko. Umbo lipo na linachangia kidogo. Ila mifupa yote ya mtu ni kama asilimia 15 tu ya uzito wake, na haikai tumboni. Shangazi amesema nimesoma sana, akaniuliza mapishi ya jana.

Jumatatu

Nimeomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikaenda zahanati na futi ya chuma. Nesi ameniruhusu kupima ukuta. Kutoka sakafuni hadi alama ya 100 ni sentimita 96. Mlinzi ndiye aliyetueleza: namba zilichorwa kabla ya kuweka vigae, kisha sakafu ikapandishwa. Tangu siku hiyo kila anayesimama pale anarefuka kwa sentimita nne.

Nesi ameketi. Amesema mtu aliyekonda ataonekana amekonda zaidi, na aliyevuka 25 anaambiwa yuko vizuri. Ameandika "toa 4" ukutani kwa kalamu nene na kupiga simu wilayani. Kisha amenipima presha, akaniandikia nirudi kesho bila kula nipimwe sukari, na nipunguze tumbo kwa chakula na kutembea, tuonane baada ya miezi mitatu.

Foleni ilipoisha akafungua rejista ya wiki iliyopita. Amenisomea urefu na uzito bila majina, mimi nikapiga hesabu, yeye akazungushia duara wale wa kuitwa tena. Wajawazito tumewaruka, hesabu hii haiwahusu. Saa tisa tumefika ukurasa wa Alhamisi. Kesho nikija kupima sukari tutaanzia hapo.